Dakti laini za kiyoyozi: nyembamba, nene, ya kunyonya sauti, au bati?

Anayeweka kiyoyozi cha kufichwa darini, kile kinachohudumia vyumba viwili vitatu kwa mashine moja, hutumia muda mwingi kuchagua mashine. Ni BTU ngapi, ni inverta au siyo, dhamana miaka mingapi. Dakti, yaani mabomba mapana yanayobeba hewa baridi kutoka kwenye mashine hadi vyumbani (laini ni yale yanayokunjika), huja mwishoni, mstari mmoja chini ya makadirio ya fundi: "dakti laini, boksi sita." Mstari huo ndio unaoamua kama chumba cha mwisho kitapoa, kama dari ya jipsamu itabaki nyeupe masika yakishapita, na kama utalala bila kusikia mvumo usiku kucha.

Makala haya ni ya aliyekwama kwenye mstari huo. Fundi amekuletea vipande vitatu vya sampuli, vyote vinang'aa kwa nje, vyote vina sufi ya njano katikati, bei zinapishana, na hujui tofauti ya bei inanunua nini. Nitakaa zaidi pwani, kuanzia Lamu na Mombasa kushuka Tanga, Unguja, Dar es Salaam hadi Mtwara, kwa sababu huku ndiko dakti inakopata mtihani wake mgumu. Walioko Nairobi, Muscat na wenye nyumba za kupashwa joto Marekani vigezo vyao ni vilevile, uzito wake tu ndio unaobadilika. Nitawafikia.

Kilicho ndani ya koti

Dakti laini ina tabaka tatu. Ndani kabisa kuna kiini: utando mwembamba wa plastiki ya poliesta, au plastiki iliyogandishwa na alumini, uliozungushiwa waya wa chuma mithili ya springi ili ubaki mviringo. Juu yake kuna kihami joto, mara nyingi sufi ya kioo. Nje kuna koti. Wengi hudhani koti ni la kushikilia sufi isimwagike. Kazi yake kubwa ni kuzuia mvuke wa maji ulio hewani usipenye kuifikia sufi, na dakti nyingi zinazoharibika pwani zinaharibikia hapo.

Uwezo wa kuzuia joto huandikwa kwa thamani ya R: namba ikiwa kubwa, joto linazuiwa zaidi. Hapa kuna mtego wa kuangalia kabla ya kulinganisha bei. Boksi zinazofuata kipimo cha Marekani huandikwa R-4.2, R-6 au R-8. Zinazofuata kipimo cha metriki huandikwa namba ndogo, mfano R0.6, R1.0 au R1.5. Ukitaka kuzilinganisha, zidisha ya metriki kwa 5.68. Kwa hiyo boksi la R1.0 ya metriki, linaloonekana dhaifu mbele ya R-4.2, kwa kweli ni karibu R-5.7, yaani lina nguvu zaidi. Muulize muuzaji ni kipimo kipi. Akishindwa kukujibu, tafuta lebo kwenye koti lenyewe.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vitano: jasho, upotevu wa ubaridi, mtiririko wa hewa, sauti, na mwisho moto pamoja na urahisi wa kufunga na kutunza. Havilingani uzito. Pwani, cha kwanza kinabeba karibu kila kitu, kwa hiyo nakifafanua kabla ya kwenda mbele.

Hewa inayotoka kwenye mashine huwa na takriban nyuzi 13. Hewa iliyo darini ina joto na mvuke mwingi. Kila hewa ina joto lake la umande: kitu chochote kikipoa chini ya joto hilo, mvuke hugeuka maji juu yake. Ndiyo sababu chupa ya soda baridi hulowa mezani. Dakti nayo ni hivyohivyo. Uso wa koti ukishuka chini ya joto la umande, dakti inatoka jasho, matone yanaanguka kwenye jipsamu, na baada ya wiki unaona duara la kahawia limezunguka grili, ule wavu wa darini unaotoa hewa chumbani. Hapo ndipo mazungumzo haya hutokea:

"Fundi, AC yako inavuja."

"Mashine haivuji, mama. Nimepanda juu, bomba la maji ni kavu. Dakti ndiyo inatoka jasho."

Na fundi huyo mara nyingi anasema kweli.

Kinachoshangaza wengi ni saa ya jasho. Mchana wa jua kali, chini ya mabati, dari inaweza kufika nyuzi 45. Joto hilo ni adui wa ubaridi, ila haliletei dakti jasho, kwa sababu koti lenyewe limepashwa moto hadi juu kabisa ya joto la umande. Hatari iko usiku wa masika, wakati mvua imenyesha, hewa imejaa mvuke na dari imepoa. Tuchukue usiku ambao darini kuna nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 89. Joto la umande hapo ni nyuzi 25. Nikifanya hesabu ya makadirio kwa dakti yenye koti la kung'aa, hewa ya nyuzi 13 ikiwa ndani, uso wa koti unakuwa hivi: kwa R-4.2 ni kama nyuzi 24.4, yaani italowa. Kwa R-6 ni kama 25.1, iko mpakani kabisa. Kwa R-8 ni kama 25.5, inapona. Tofauti ni ya nyuzi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini nyuzi hiyo moja ndiyo inayotenganisha dari kavu na dari yenye madoa.

Sasa tuziangalie zenyewe.

Nyembamba: R-4.2

Hii ndiyo iliyozoeleka. Sufi yake ina unene wa milimita 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo dakti ya milimita 200 inakuwa na upana wa nje wa kama milimita 255. Inapita sehemu finyu, inakunjika kwa urahisi, na bei yake ndiyo ya chini.

Kwa jasho, hesabu mmeiona. Ndani ya dari iliyofungwa vizuri, ambayo chumba cha chini yake kinapozwa muda mwingi na hewa ya nje haiingii ovyo, inafanya kazi bila shida. Ghorofa ya kati, zege juu na zege chini, ni mahali pake. Ndani ya dari ya nyumba yenye mabati na matundu ya hewa pembeni, masika yataitafuta.

Kwa upotevu wa ubaridi, watu huiogopa kuliko inavyostahili. Tuseme dakti ya milimita 200, urefu mita 6, darini nyuzi 45, hewa ikipita kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Hewa iliyoingia na nyuzi 13 itafika grilini ikiwa na 14.3 hivi. Si hasara ya kukufanya ubomoe dari. Ukiwa na mita 15 badala ya 6, au hewa inayokwenda polepole, hesabu hiyo inakua na hapo unaanza kuihisi chumbani.

Mtiririko wa hewa unategemea kiini na namna kilivyonyooshwa, si unene wa sufi. Nitalisema chini kwa urefu. Sauti inanyonywa kwa kiasi kizuri, maana utando wa poliesta ni mwembamba na sufi iliyo nyuma yake inameza mvumo wa feni kuliko bati tupu. Udhaifu wake wa kudumu ni kwamba sufi nyembamba haina akiba: palipobanwa na kamba au kuegemezwa kwenye boriti, R inapotea, na jasho linaanzia hapo.

Inamfaa mwenye dari finyu ndani ya jengo la ghorofa, ofisi ambayo AC inawaka mchana tu, na mkaaji wa nyanda za juu zenye hewa kavu.

Nene: R-6 na R-8

Muundo ni uleule, sufi ndiyo imeongezwa: takriban milimita 45 kwa R-6, 60 kwa R-8. Dakti ile ya milimita 200 sasa inahitaji nafasi ya milimita 320 ikiwa ni R-8. Kabla ya kuitamani, pima nafasi kati ya boriti na dari. Kuinunua nene kisha kuibana ipite ni kulipia sufi na kuitupa, kwa sababu sufi inazuia joto kwa hewa iliyotulia ndani yake, na ukiibana hewa hiyo huna.

Upande wa jasho ndiko inakolipa fedha yake. R-8 inaupitisha usiku wa masika niliouelezea; R-6 inaupitisha kwa shida. Kwa nyumba ya pwani yenye mabati na dari inayopumua, ningeanza mazungumzo na fundi kwenye R-6 na kupanda R-8 pale ambapo AC inawaka usiku kucha, kama vyumba vya kulala, hoteli na wodi.

Upande wa ubaridi faida ipo lakini ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Kwenye mfano uleule wa mita 6, hewa inafika na nyuzi 13.9 badala ya 14.3. Nusu nyuzi. Nani anahisi nusu nyuzi kwenye umbali mfupi? Lakini kwenye hoteli yenye dakti ndefu na mashine zinazozunguka mwaka mzima, nusu nyuzi hiyo inaonekana kwenye bili ya umeme.

Sauti: bora kidogo kuliko nyembamba. Ufungaji: mgumu zaidi, maana kona zinahitaji nafasi na fundi anahitaji msaidizi wa kuishikilia akifunga. Ni nzito pia, hivyo mikanda ya kuning'inizia isiachane mbali.

Inamfaa mwenye nyumba ya mabati pwani, mwenye dakti ndefu, na yeyote asiyetaka kufungua dari tena.

Ya kunyonya sauti

Hii kiini chake ni alumini au utando wenye vitundu vidogo vingi, ili mawimbi ya sauti yaingie kwenye sufi na kufia humo. Ukiikata na kumulika tochi ndani unaviona, maelfu ya nukta kama zilizotobolewa na sindano. Baadhi zina utando mwingine mwembamba kati ya vitundu na sufi, usiozuia sauti lakini unazuia nyuzi za kioo zisipeperuke kuingia chumbani. Uliza kama upo. Kwa chumba cha mtoto au cha mgonjwa wa pumu, nisingeikubali bila utando huo.

Kwenye sauti hakuna laini nyingine inayoifikia. Kipande cha mita moja au mbili kati ya mashine na grili ya chumba cha kulala kinabadilisha mvumo kuwa mnong'ono. Kuna jambo moja watu hawaambiwi: kuta za dakti laini, ya aina yoyote, zinaruhusu sauti kutoka nje pembeni. Ukiipitisha juu ya kitanda mita ya kwanza tu kutoka kwenye feni, kelele itashuka kupitia jipsamu hata kama grilini kumetulia. Iweke mbali kidogo na feni, karibu na mahali hewa inapoingia chumbani.

Kwa jasho inafuata unene wa sufi yake kama nyingine, ikiwa na udhaifu wa ziada: kiini kina vitundu, kwa hiyo koti la nje peke yake ndilo linalozuia hewa isitoroke na mvuke usiingie. Koti likichanwa na panya au na ncha ya waya, hakuna ukuta wa pili. Kwa mtiririko wa hewa, vitundu vinaongeza ukwaruzo kiasi. Kwa usafi, vumbi linalonata kwenye vitundu halitoki kirahisi. Bei iko juu.

Inafaa kama kiungo kifupi: chumba cha kulala, msikiti, kanisa, studio ya redio, maktaba, chumba cha mkutano. Kuitumia nyumba nzima ni gharama bila sababu.

Bati kwenye shina, laini kwenye matawi

Si kila aliyekuja kuchagua dakti laini anahitaji laini tupu. Shina kuu, lile linalotoka kwenye mashine na kubeba hewa yote, linaweza kuwa bati la mabati lililovalishwa sufi au mpira mweusi wa povu, kisha matawi ya mita moja na nusu mpaka tatu yakawa laini.

Kwenye mtiririko bati halina mpinzani: ndani halina mikunjo, halilegei, kona zake zinabaki vilevile miaka. Kwa jasho linategemea uvalishaji. Mpira mweusi wa povu wenye vijishimo vilivyofungwa hauruhusu mvuke kupenya hata ukichubuka kidogo, na hilo ni jambo kubwa pwani. Sufi ya kioo yenye karatasi ya alumini, kinyume chake, ikichanika sehemu moja inalowana taratibu kama sifongo. Sauti ndiyo kasoro ya bati: linabeba mvumo na linagonga linapopoa. Linahitaji karakana, vipimo sahihi na fundi bati, na mabati ambayo hayakuvalishwa vizuri yataota kutu kwa hewa ya chumvi. Faida nyingine ni usafi, kwani bati unaweza kulisugua kwa brashi. Utando wa plastiki ukisuguliwa kwa nguvu unatoboka.

Linamfaa mwenye jengo kubwa, anayejenga upya kabla dari haijafungwa, na mwenye mashine yenye feni dhaifu. Hili la mwisho lina uzito. Mashine nyingi nyembamba za kufichwa darini hupewa msukumo wa makumi machache tu ya paskali. Msukumo huo unaliwa wote na dakti laini ndefu iliyolegea, na chumba cha mwisho kinapata pumzi ya mgonjwa.

Koti: la kung'aa au jeusi?

Swali hili linaulizwa kama la urembo, lakini lina fizikia ndani yake. Koti la alumini linarudisha nyuma joto linalomiminwa na mabati mchana, jambo jema chini ya paa lisilo na kihami. Usiku tabia hiyohiyo inaligeuka. Koti la kung'aa halipokei joto kutoka kuta na boriti zilizolizunguka, hivyo uso wake unabaki baridi zaidi kuliko koti jeusi au la kijivu lenye sufi ileile. Kwa mfano wetu wa R-4.2, koti jeusi lingekuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi moja, yaani lingekaa juu kidogo ya joto la umande.

Basi chini ya mabati yanayochoma, la kung'aa. Ndani ya dari ya ghorofa isiyopigwa na jua, jeusi lina haki yake. Lolote utakalochukua, liwe lina nyuzi za kuliimarisha ndani, zile mistari ya msalaba unayoiona ukiliweka kwenye mwanga. Koti lisilo na nyuzi huchanika linapoburutwa juu ya boriti. Na hakuna dakti laini ya kawaida inayofaa kuachwa nje juani. Mionzi inalikausha koti mpaka likatike vipandevipande.

Sufi ya kioo au ya poliesta

Kwa ufupi: sufi ya kioo inazuia joto vizuri zaidi kwa unene uleule, haiungui, na inawasha ngozi na koo la anayefunga. Ya poliesta haiwashi, inastahimili kushikwashikwa, na inahitaji unene zaidi kufikia R ileile. Fundi anayefanya kazi kwenye dari finyu ya moto, bila barakoa na glovu, atakushukuru kwa poliesta. Anayezingatia moto kwanza atachagua kioo.

Tukiwa kwenye moto: dakti zinazofuata kipimo cha UL 181 cha Marekani huwa na lebo iliyochapwa kwenye koti. Lebo ya mstatili ina maana ni dakti kamili. Ya duara ina maana ni kiunganishi tu, ambacho kisizidi futi 14, kama mita 4.3, wala kisipenye ukuta au sakafu. Kwenye boksi zinafanana. Tafuta umbo la lebo kabla ya kulipa.

Ufungaji, unaoweza kufuta tofauti zote hapo juu

Nimeona R-8 ikilowa na R-4.2 ikikaa kavu mtaa mmoja. Sababu ilikuwa mikono.

La kwanza ni kuinyoosha. Dakti hutoka kwenye boksi ikiwa imekunjwa kama akodiani, na fundi mwenye haraka huivuta nusu tu, akiacha mikunjo "ya akiba". Kila mkunjo ni ukuta mdogo mbele ya hewa. Dakti iliyoachwa imebanika kwa asilimia 15 inaweza kuongeza upotevu wa msukumo karibu maradufu. Ikifika asilimia 30, unaweza kufika mara nne. Ikiwa umbali ni mita 5, kata mita 5 ukiwa umeivuta. Kilichobaki kirudi stoo.

Ukubwa nao. Kwa hewa ileile, kutoka milimita 200 kwenda 250 kunashusha upotevu wa msukumo hadi karibu theluthi moja. Hakuna fedha kwenye dakti inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo, na ni ajabu jinsi watu wanavyobishana juu ya R huku wakikubali kipenyo chochote kilichopo dukani.

Kisha kuning'iniza. Mikanda iwe na upana usiopungua milimita 38, isiachane zaidi ya mita 1.2, na kati ya mkanda na mkanda dakti isibonyee zaidi ya milimita 50. Waya wa kufungia nondo unakata sufi na kuacha mstari wa jasho. Nauona mara nyingi mno. Kona isikunjwe kwa ukali: nusu kipenyo cha mduara wake, ukipima katikati ya dakti, isipungue kipenyo cha dakti yenyewe. Dakti mbili zisilaliane, maana pale zinapogusana hewa ya dari haifiki kupasha koti, na maji huanzia hapo.

Mwisho kiungo, ambacho nakiomba ukipande ngazi ukione kwa macho yako kabla dari haijafungwa. Fundi avute kiini peke yake kiingie juu ya kola ya bati, ile shingo ya mviringo ya kuunganishia, angalau milimita 25 kupita ukingo wake, akizungushe tepu maalumu mara mbili, kisha akaze kwa mkanda. Kiini kikishakaza, ndipo sufi na koti vivutwe mpaka viguse kabisa sanduku la hewa au grili, na koti nalo lifungwe kwa tepu na mkanda wake. Makosa ni kukaza vyote pamoja kwa mkanda mmoja. Sufi inabaki wazi mwishoni, inavuta mvuke, na ndani ya msimu mmoja ni nzito kwa maji. Ukiona nyuzi za njano popote kwenye kiungo, kazi haijaisha. Tepu ya nguo ya kijivu inayouzwa kila duka la vifaa inaachia kwa joto la darini. Omba ya alumini au mastiki, gundi nzito ya kuzibia, iliyotengenezwa kwa dakti.

Kwa hali yako

Nyumba ya pwani, mabati juu, dari ya jipsamu, AC usiku kucha vyumbani: R-8 kama nafasi ipo, R-6 kama haipo, koti la kung'aa lenye nyuzi, viungo vikaguliwe kabla ya kufunga dari. Fedha ikibana, punguza urefu wa dakti kwa kusogeza mashine katikati ya nyumba kuliko kupunguza R.

Fleti ya ghorofa ya kati Kinondoni au Nyali: R-4.2 inatosha mahali pengi, hasa yenye koti jeusi. Weka fedha iliyobaki kwenye kipenyo.

Hoteli, hospitali, jengo la ofisi: bati kwenye shina, matawi mafupi ya laini nene, na kipande cha kunyonya sauti kwenye vyumba vya kulala wageni. Panapohitajika kusafishwa mara kwa mara, laini iwe fupi iwezekanavyo ili ibadilishwe badala ya kusuguliwa.

Nyumba ya kupanga, au unayotarajia kuihama: usiingie kwenye dakti kabisa kama vyumba ni viwili. Mashine mbili za ukutani hazina dakti ya kutoka jasho.

Nairobi, Arusha, nyanda za juu: jasho si tishio kubwa, kwa sababu joto la umande huko mara nyingi liko karibu na joto la hewa inayotoka kwenye mashine. R-4.2 inafaa. Ila hewa ya Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, hivyo hewa nyingi zaidi inahitajika kubeba ubaridi uleule. Panda saizi moja ya kipenyo.

Muscat na miji ya Ghuba ya pwani: kiangazi joto na mvuke vinakuja pamoja, kwa hiyo R-8 ndani ya jengo. Kwa mashine zilizo juu ya paa, sehemu ya nje iwe bati lililovalishwa na kufunikwa. Laini ianze ndani tu.

Ndugu wa Minnesota au Ohio wenye dakti darini: kanuni ya mfano ya nishati ya majengo, IECC, inataka R-8 kwa dakti za darini zenye kipenyo cha milimita 76 au zaidi na R-6 kwa ndogo zaidi, na majimbo huipitisha kwa marekebisho yake, kwa hiyo uliza ofisi ya vibali ya mji wako. Huko dakti inabeba hewa ya moto kwenye dari yenye baridi kali, na kila futi iliyolegea inakulia gesi. Kabla ya kununua mpya, panda na tochi, angalia viungo na mikunjo. Huenda dakti uliyonayo ni nzuri na inahitaji kunyooshwa na kufungwa upya tu.